Nukta Pacha na Kung'atuka kwa Dikteta Mwema

Tarehe 12 Julai 2018, Mholanzi mmoja aitwaye Guido van Rossum aliwaandikia wenzake barua pepe fupi. Kichwa chake kilihusu uhamisho wa madaraka. Mwandishi wa barua hiyo hakuwa rais, waziri wala mwenyekiti wa chama. Alikuwa mwasisi wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta ambayo leo hutumika katika mabenki, maabara, vyuo vikuu na ofisi za takwimu katika nchi nyingi duniani. Kwa zaidi ya miaka ishirini wenzake walikuwa wakimwita, kwa utani uliobeba ukweli, Dikteta Mwema wa Maisha. Siku hiyo dikteta huyo aliamua kung'atuka. Hakukuwa na mapinduzi, uchaguzi ulioibwa wala kashfa ya fedha. Kilichomchosha ni mabishano juu ya alama mbili zilizoandikwa pamoja: nukta pacha ikifuatiwa na alama ya usawa, yaani :=.

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza mada hii imefuata nini katika ukurasa uliozoea kujadili katiba, vyama na utumishi wa umma. Jibu langu ni kwamba alama hizo, ambazo wataalamu huziita opereta, ni sehemu ya sheria zinazotutawala siku hizi. Mshahara wa mwalimu, matokeo ya mtihani, mkopo wa mwanafunzi na jina katika daftari la wapigakura hupita ndani ya programu, na ndani ya programu hizo maamuzi hufanywa na opereta. Historia yake inaonyesha kwamba kila opereta ni uamuzi wa mtu au wa kikundi cha watu. Yafaa basi tujue ni nani huamua, na mtu asiyeridhika aende wapi.

Opereta ni alama au neno fupi linaloiamuru kompyuta itende jambo juu ya thamani fulani. Katika Python zimegawanyika katika makundi yanayoeleweka bila taabu. Ziko za hesabu, za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ziko za ulinganishi, zinazouliza kama kitu ni sawa na kingine, kikubwa kuliko kingine au kidogo kuliko kingine. Ziko za kimantiki, zinazounganisha masharti kama tunavyoyaunganisha kwa na, au, na siyo. Ziko za kupa jina thamani. Ziko za biti, zinazoshughulikia sifuri na moja ambazo kompyuta huhifadhi. Na ziko za utambulisho na za uanachama, zinazouliza kama majina mawili yanataja kitu kilekile, na kama kitu kimo ndani ya kundi.

Nianze na kugawanya, kwa maana ndiko kwenye somo la kwanza la kisiasa. Van Rossum alianza kuitunga Python mwishoni mwa mwaka 1989 akiwa katika taasisi ya utafiti ya CWI jijini Amsterdam, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1991. Kwa kufuata mazoea ya lugha ya C, aliamua kwamba namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu nalo liwe namba kamili. Saba kwa mbili ikawa tatu, na nusu ikatupwa. Sasa mchukue afisa wa afya anayetafuta asilimia ya watoto waliochanjwa. Watoto watatu kati ya wanne wamechanjwa, naye anaandika 3 / 4 * 100. Katika Python ya wakati ule jibu lilikuwa 0. Kompyuta iligawanya kwanza, ikapata sifuri, kisha ikazidisha sifuri kwa mia. Haikutoa onyo lolote. Kwa mujibu wa sheria iliyotungwa, jibu hilo lilikuwa sahihi.

Mwaka 2001 lilitolewa pendekezo rasmi, likiandikwa na Moshe Zadka pamoja na van Rossum mwenyewe, kwamba sheria hiyo ibadilishwe. Kugawanya kwa kawaida kutoe jibu kamili na sehemu zake, na anayetaka kutupa sehemu atumie opereta mpya yenye mikwaju miwili, //. Opereta hiyo mpya iliingia mapema. Mabadiliko ya ile ya zamani yalisubiri hadi Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008, na toleo la 2 liliendelea kuhudumiwa hadi tarehe 1 Januari 2020. Marekebisho ya alama moja ya kugawanya yalichukua takriban miaka kumi na tisa, tangu kupendekezwa hadi sheria ya zamani ilipokoma kuhudumiwa. Sababu ni kwamba programu nyingi mno zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwa kutegemea kosa lile. Wanaosema katiba mbovu itarekebishwa baadaye, mambo yakitulia, wangefaidika kwa kuitafakari historia hii.

Lugha ya C yenyewe inatupa mfano mchungu zaidi. Opereta zake za biti zilipewa daraja la chini kuliko za ulinganishi, hivyo mwandishi asipotumia mabano, kompyuta hulinganisha kabla ya kuunganisha biti, jambo ambalo aghalabu silo alilokusudia. Dennis Ritchie, mtunzi wa C, alikuja kueleza kwamba kasoro hiyo ilijulikana mapema. Ilirithiwa kutoka lugha iliyotangulia, na ikaachwa kwa kuwa programu zilikwisha kuandikwa na haikuonekana vyema kuzisumbua. Wakati huo programu zenyewe zilikuwa chache na mashine zilizozitumia zilikuwa za kuhesabika. Leo C++, Java na JavaScript zote zimeirithi kasoro hiyo. Python ilikuja baadaye ikaisahihisha, kwa sababu ilianza bila deni.

Twende kwenye alama ya usawa. Mwaka 1557 tabibu na mwanahisabati Robert Recorde, mzaliwa wa Wales, alichoka kurudia maneno ya kusema kitu kimoja ni sawa na kingine. Akachora mistari miwili sambamba, akieleza kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Kwa karne nne alama hiyo ilidai ukweli: upande huu ni sawa na upande ule. Fortran ilipotoka mwaka 1957 iliipa kazi nyingine, yaani kutoa amri: jina hili lichukue thamani hii. Watunzi wa Algol waliona hatari ya kuchanganya dai na amri, wakaamua amri iandikwe kwa := na alama ya Recorde ibaki na kazi yake ya asili. Lakini Ken Thompson, alipoitunga lugha ya B iliyoizaa C, alitazama mambo kwa jicho la mpiga chapa. Amri hutumika mara nyingi kuliko ulinganishi, basi amri ipewe alama fupi, = moja, na ulinganishi upewe mbili, ==. Python ilifuata njia hiyo.

Madhara yake hayakuwa ya nadharia. Novemba 2003, mtu asiyejulikana aliingiza mistari miwili katika nakala ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Kwa kuitazama haraka, ilionekana kuuliza kama namba ya mtumiaji ni sawa na sifuri, na sifuri katika mfumo huo ni namba ya msimamizi mwenye mamlaka yote. Lakini palikuwa na = moja badala ya ==. Swali likawa amri. Aliyejua njia hiyo angegeuzwa papo hapo kuwa msimamizi mkuu. Mistari hiyo iligunduliwa upesi kwa kuwa badiliko hilo halikuwa na kumbukumbu ya idhini katika hazina kuu. Naomba watumishi wa umma waliangalie hilo kwa makini: daftari la idhini ndilo lililotoa ishara ya kwanza, na lilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na watu waliolilinganisha na hali halisi.

Katika Python hila ile isingewezekana, kwani lugha hiyo ilikataza tangu mwanzo kuweka = ya amri ndani ya sharti. Anayeandika hivyo huambiwa amekosea, na programu haianzi. Katazo hilo tulikumbuke, maana ndilo litakalozua mgogoro wa 2018.

Ulinganishi nao una siasa yake. Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane. Neno aliyetimiza ndilo lenye uzito. Katika programu huandikwa >= 18, yaani kumi na minane au zaidi. Mwandishi wa programu akisahau alama moja akaandika > 18, basi kijana mwenye miaka kumi na minane atasubiri hadi atimize kumi na tisa. Bunge halitakuwa limekaa, gazeti la serikali halitakuwa limechapisha lolote, na haki ya mwaka mzima itakuwa imeondolewa. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi aliyepata alama 40 kamili pale ambapo 40 ndiyo ya kufaulu. Nawahimiza wanafunzi wangu wa historia wasome sheria pamoja na kanuni zake. Siku hizi naongeza: na programu inayozitekeleza.

Kuna tofauti nyingine ambayo Python huiwekea opereta mbili. Noti mbili za shilingi elfu kumi ni sawa kwa thamani, lakini siyo noti moja. Kila moja ina namba yake. Opereta == huuliza kuhusu thamani. Opereta "is" huuliza kama ni noti ileile. Anayezichanganya katika orodha ya watumishi anaweza kuwaona watu wawili wenye jina moja kuwa mtu mmoja, au mtu mmoja kuwa wawili. Waliowahi kushiriki uhakiki wa watumishi hewa wanaijua adha hiyo hata kama hawajawahi kuandika programu.

Hapa ndipo panapofaa kueleza kwa nini Python huitwa lugha ya kiobjekti. Katika lugha za aina hii programu hujengwa kwa objekti, kila moja ikiwa na taarifa zake na kazi inazozijua. Fikra hiyo ilizaliwa Oslo katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotunga lugha ya Simula. Nygaard hakuwa mtu wa maabara pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norwei ili wafanyakazi wawe na sauti juu ya kompyuta zilizokuwa zikiingia viwandani, na baadaye aliongoza kampeni iliyopinga nchi yake kujiunga na Umoja wa Ulaya, kabla ya kura ya maoni ya 1994. Kwake yeye, kutunga lugha ya kompyuta na kugawana madaraka vilikuwa jambo moja.

Katika Python, ukiandika a + b, alama ya kujumlisha haina maana yake yenyewe. Lugha huiendea objekti ya kushoto na kuiuliza kama inajua kujumlishwa na ya kulia. Ikijibu kwamba haijui, huulizwa ya kulia. Zote mbili zikishindwa, kazi husimama na kosa hutangazwa. Kwa hiyo 3 + 4 ni 7, "Dar" + "Salaam" huwa neno moja, na "Dar" + 5 hukataliwa. JavaScript, kwa kulinganisha, hukubali ile ya mwisho kimyakimya na kutoa "Dar5". Mtunzi wa objekti mpya, tuseme ya fedha au ya tarehe, anaruhusiwa kueleza kujumlisha kutamaanisha nini kwake.

Uhuru huo haukukubaliwa na wote. C++ ya Bjarne Stroustrup iliutoa. James Gosling, aliyeongoza utunzi wa Java iliyotoka mwaka 1995, aliunyima baada ya kuona unavyotumiwa vibaya katika C++. Alihofia kwamba kila mtu akijipa maana yake ya alama ya kujumlisha, msomaji wa programu hatajua anasoma nini. Lakini Java yenyewe ilijiruhusu kutumia + kuunganisha maneno. Mtunga sheria alijiwekea msamaha ambao raia hakupewa. Hoja ya Gosling ina nguvu, na ya upande wa pili pia. Ninachokitaja ni kwamba mjadala wa uhuru wa mtu na utulivu wa jamii, tunaoudhani ni wa wanafalsafa, ulifanyika juu ya alama ya kujumlisha.

Sasa turudi mwaka 2018. Pendekezo namba 572 lilitaka Python ipate opereta ya kuipa thamani jina ndani ya usemi mwingine, kwa alama ileile ya zamani ya Algol. Badala ya kukokotoa urefu wa orodha katika mstari wa kwanza na kuupima katika mstari wa pili, mwandishi angefanya yote mawili kwa pamoja. Waliounga mkono walisema itapunguza marudio. Waliopinga walisema Python ilijipatia heshima kwa kusomeka kirahisi, na kwamba kuwa na njia mbili za kufanya jambo moja ni kuisaliti. Mabishano yalikuwa makali na marefu. Van Rossum, ambaye alikuwa mmoja wa waandishi wa pendekezo, ndiye pia aliyekuwa na mamlaka ya mwisho ya kulipitisha. Akalipitisha. Siku chache baadaye akaandika ile barua, akisema hataki tena kupigania pendekezo kwa nguvu kiasi kile na kisha kuona watu wengi wakichukia maamuzi yake.

Tuitazame hali hiyo kama tungetazama serikali. Mtu mmoja ni mwandishi wa muswada, mwamuzi wa muswada na rufaa ya mwisho. Wema wake haukutiliwa shaka. Tatizo ni kwamba mpinzani wa uamuzi hakuwa na mahali pa kupeleka hoja isipokuwa kwa mtu yuleyule, kwa hiyo kila hoja juu ya alama iligeuka kuwa hoja juu ya mtu. Wema wa kiongozi ulificha upungufu wa taratibu kwa miaka mingi, na ulipoisha uvumilivu wake, upungufu ukaonekana. Afrika imewaona marais wa maisha waliotangazwa kwa vifijo, Kamuzu Banda wa Malawi mwaka 1971 akiwa mmojawao, na tunajua kwamba kiongozi wa namna hiyo mara chache huondoka akiwa ameacha utaratibu wa kumpata anayefuata.

Van Rossum hakuteua mrithi. Aliwauliza wenzake watakachounda: demokrasia, hali isiyo na serikali, udikteta au shirikisho? Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiona ya kujifunza. Hawakukimbilia kumtafuta mtu. Waliandika mapendekezo saba ya namna ya kujitawala, likiwemo la kumrudisha kiongozi mmoja, wakayapigia kura Desemba 2018. Lililoshinda lilianzisha baraza la watu watano, linalochaguliwa upya kila litokapo toleo kubwa la lugha. Wasizidi wawili wanaoajiriwa na mwajiri mmoja, ili kampuni isilitwae. Baraza linaweza kuondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani ya theluthi mbili. Na limeagizwa litumie madaraka yake kwa uchache iwezekanavyo, likitafuta maafikiano kwanza. Katiba ilitangulia, viongozi wakafuata. Mwanzoni mwa 2019 baraza la kwanza lilichaguliwa na van Rossum akawa mmoja wa watano, mwenye kura moja kama wengine. Uchaguzi wa pili ulipokaribia mwishoni mwa mwaka huo, alijitoa. Ile opereta haikufutwa. Ilitoka katika Python 3.8 Oktoba 2019 na inatumika hadi leo.

Kung'atuka ni neno tulilolipata katika siasa zetu kupitia Mwalimu Nyerere, aliyeuacha urais mwaka 1985. Tumezoea kulitumia kumsifu anayeondoka. Kisa cha Python kinanifanya nilitazame zaidi kwa upande wa wanaobaki. Kuondoka kwa van Rossum kulikuwa kwa heshima, lakini kungeweza kuivunja jumuiya yake iwapo wenzake wangeanza kwa kugombea kiti. Waliokoka kwa kuwa kwa takriban miezi mitano walikubali kukaa bila kiongozi huku wakiandika sheria.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, nina ombi dogo. Ofisi yako inapopokea mfumo mpya wa mishahara, mikopo au usajili, usiridhike na mafunzo ya kubofya. Omba kwa maandishi uelezwe mipaka yote ya umri, alama na kiwango cha fedha: je, aliye juu ya mstari wenyewe anaingia au anaachwa? Uliza sehemu za shilingi hutupwa au hukadiriwa, na kwa faida ya nani. Uliza nani aliidhinisha, na daftari la idhini liko wapi. Wanaharakati nao wanaodai uwazi katika mikataba wadai pia uwazi wa kanuni zilizo ndani ya programu, maana mwananchi aliyenyimwa haki kwa kukosekana kwa alama moja hana hakimu wa kumkatia rufaa mpaka ajue kwamba alama hiyo ipo.